Filimbi ya Treni Kwa Mukai

Gakuru alipoachishwa kazi mwaka wa 1994 alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani ya matumbo ya boila. Alianza akiwa kijana katika karakana ya treni Nairobi, kazi yake ikiwa kuingia ndani ya boila iliyopoa na kugonga kutu kwa nyundo huku mwenzake akigonga kwa nje. Treni za mvuke zilipoondolewa alipelekwa kwa injini za dizeli, lakini hizo hakuzipenda. Alikuwa akisema dizeli inanguruma tu, haipumui.

Yeye na mkewe Nyawira walikuwa wamenunua ploti Kitengela wakati watu waliwaambia wanatupa pesa porini. Wakajenga nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, wakapanda ua wa michongoma, na Nyawira akajiunga na kwaya ya kanisa hata kabla paa halijamalizika. Binti yao wa kwanza, Wanjira, alikuwa ameolewa Embulbul. Gakuru alikaa nyumbani miaka minne. Alitengeneza jiko la majirani, baiskeli za majirani, mlango wa kanisa, na mlango wa kanisa tena. Nyawira aliona mume wake anaanza kufungua vitu ambavyo havijaharibika, akaanza kuomba Mungu apatikane mtu wa kumpa kazi.

Mtu huyo alikuwa Mukai, mwanamke wa Machakos aliyekuwa na hoteli kubwa ya nyama kando ya barabara ya Namanga. Mukai alikuwa amegundua kwamba wazazi wanakula nyama kwa haraka kwa sababu watoto wanasumbua. Akanunua shamba nyuma ya hoteli, akaweka bembea, farasi wa mbao wa kuzunguka na kidimbwi cha mashua ndogo, ikawa bustani ya watoto, akaipa jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Sote tulipaita tu kwa Mukai. Kisha akasikia kwamba shamba moja la mkonge lililofungwa linauza treni yake ndogo ya mvuke, ile ya kubebea mkonge, pamoja na mabehewa manne na reli zake. Akainunua bila kumuuliza mtu. Ilikaa kwenye nyasi misimu miwili ya mvua, kuku wakitaga ndani ya kikasha cha moto, mpaka mtu wa kanisani akamtajia Gakuru.

"Mzee, wanasema wewe unajua hizi vitu," Mukai alimwambia siku ya kwanza.

Gakuru aliizunguka treni mara mbili. Akaweka kiganja juu ya boila kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hii haijakufa," alisema. "Imelala."

"Itaamka lini?"

"Nipe miezi minne."

Ilichukua saba. Gakuru hakuwa mtu wa kuharakisha boila. Alitoa mabomba yote ya ndani, akatupa yaliyooza, akajaza boila maji baridi na kuyasukuma kwa pampu ili aone panapovuja kabla ya kuthubutu kuwasha moto. Jioni alirudi nyumbani mweusi kama sufuria, na Nyawira hakulalamika hata siku moja.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Filimbi ya treni ilikuwa imeng'olewa huko shambani, ikabaki tundu na vali yake. Mukai akanunua nyingine Nairobi kwa muuza vyuma chakavu. Ilikuwa ndogo, ya kutosha kwenye kiganja, na hakuna aliyejua ilitoka kwenye mashine gani. Gakuru hakuipenda, lakini siku ya ufunguzi ilikuwa imetangazwa, akaifunga.

Bustani ilifunguliwa wakati wa likizo ya Aprili, mwaka wa 1999. Mabehewa yalijaa watoto na akina mama waliobeba watoto. Gakuru, amevaa kofia mpya, alifungua mvuke polepole, treni ikatikisika na kwenda. Watu walipiga makofi. Walipofika upande wa mbali wa reli, kando ya seng'enge, alivuta kamba ya filimbi.

Alichosikia yeye ni shhh, kama chai inayomwagika kwenye makaa. Aliona aibu. Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi, ili kuipa nafasi ya kupata sauti. Alipogeuka nyuma aliona watoto wameziba masikio na wengine wanalia. Alidhani wameogopa moshi. Akawapungia mkono awatulize, na kwa wema akavuta mara ya tatu.

Kesho yake asubuhi alikuja Katoo, mwenye shamba lililopakana na bustani. Katoo alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyezoea kwenda kwa watu na malalamiko. Alisimama kando ya treni na fimbo yake mabegani.

"Sopa, mzee."

"Epa," Gakuru aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai. Sauti ya Katoo ilikuwa nzito, na aliisikia vizuri. "Uliiona treni jana?"

"Niliiona kidogo. Nilikuwa nakimbia."

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

"Ng'ombe zangu. Zilisikia hiyo kitu ikilia, zikaenda mpaka karibu na Isinya. Moja iko na mimba. Leo hakuna maziwa kwa boma yangu, hata ya chai."

Gakuru alicheka kwa upole. "Ile filimbi? Ile haina hata sauti. Mimi mwenyewe inanitia aibu."

Katoo alimtazama usoni kuona kama anadharauliwa. Hakuona dharau yoyote, na hilo lilimchanganya zaidi. Akageuka, akarudi bomani kwake.

Gakuru alikaa akifikiria maneno hayo na kuyaelewa kwa njia yake. Aliona kwamba watu wanalalamika kwa sababu filimbi ni mbovu. Basi Jumamosi iliyofuata, kabla ya wageni kuja, alifungua vali ya filimbi zaidi ili ipate mvuke wa kutosha. Siku hiyo mbwa wa Kitengela nzima walibweka. Mwalimu aliyeleta darasa lake aliomba kurudishiwa pesa za tiketi. Mukai, mwanamke mnene aliyekuwa hajakimbia tangu shule ya msingi, alitimua mbio kando ya reli akipunga leso yake.

"Wacha hiyo kitu, mzee," alisema alipofika, akihema. "Unataka kunifungia biashara?"

"Nimeiongezea nguvu."

"Nimesikia. Hata wafu wa Kajiado wamesikia."

Akamkataza kuigusa kamba ile tena. Gakuru alirudi nyumbani amekasirika, akiamini kwamba watu wote wa Kitengela wameungana kumfanyia mzaha.

Aliyegundua ukweli ni Hodo. Hodo alikuwa na meza yake langoni, akiuza sambusa na chai ya maziwa ya ngamia. Mume wake, Dahir, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na watoto wao wanne walisoma hapo hapo Kitengela, mkubwa akiwa Burhan. Jumanne moja, siku isiyo na wageni, Gakuru alikuwa amekaa kwenye benchi lake akinywa chai. Hodo alikuwa akikanda unga. Saa yake ya mkononi, aliyoitega ili imkumbushe swala, ilikuwa juu ya meza karibu na kikombe cha Gakuru.

"Mzee, nizimie hiyo saa. Mkono yangu iko na unga."

"Kwani ina nini?"

"Inalia."

Gakuru aliitazama. "Hailii."

Hodo alifikiri anatania. Akafuta mikono, akaichukua saa na kuiweka karibu na sikio la kulia la Gakuru. Akangoja. Akaipeleka sikio la kushoto. Gakuru alimtazama tu, kama mtu anayengoja kuambiwa bei. Hodo akaizima, akavuta kiti na kukaa mbele yake.

"Mama Burhan, kuna nini?"

"Baba yangu alikuwa hivi," Hodo alisema, akiongea polepole na kwa sauti ya chini. "Alichimba visima na mashine miaka mingi huko Garissa. Ngamia akilia alikuwa anasikia. Ndege hakusikia. Ukimwita kwa sauti nyembamba alikuwa anapita tu, watu wanasema ako na maringo."

"Mimi nakusikia wewe."

"Kwa sababu sauti yangu ni nzito. Mzee, hiyo filimbi inalia. Inalia sana. Ni wewe tu huisikii."

Gakuru alimaliza chai yake, akasema asante, akaenda akakaa ndani ya treni mpaka jioni bila kufanya chochote. Alikumbuka zile nyundo ndani ya boila, jinsi wao vijana walivyotoka wakicheka kwa sababu masikio yanaimba, na jinsi siku moja yaliacha kuimba, akadhani yamepona.

Nyumbani alimkuta Nyawira anakata sukuma jikoni. Alisimama mlangoni akimtazama kwa muda.

"Nyawira, uliacha kuimba lini?"

"Nani ameacha?"

"Wewe. Zamani ulikuwa ukiimba ukipika."

Nyawira aliweka kisu chini. "Baba Wanjira, mimi naimba kila siku. Hata sasa hivi umenikuta naimba."

Wakatazamana. Gakuru akavuta kigoda, akamweleza yote, saa ya Hodo, mbwa, ng'ombe wa Katoo. Nyawira alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Nyawira alisema polepole, "Mimi nilifikiri hupendi tena. Nilikuwa naimba, wewe unapita tu. Nikasema, basi, mzee amenizoea."

"Na mimi nilifikiri umechoka na maisha ya hapa. Sikutaka kukuuliza."

Kwa miaka kama kumi kila mmoja alikuwa na huzuni yake ndogo ya pembeni, na zote mbili hazikuwa na sababu. Nyawira ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Gakuru, ambaye alikuwa amekuja nyumbani akitaka kulia, akajikuta anacheka naye.

Asubuhi alikwenda kwa Mukai mwenyewe, kabla ya mtu mwingine kumfikishia habari.

"Masikio yangu yameharibika," alimwambia. "Sauti nyembamba sizisikii. Filimbi ile ni mbaya, mlikuwa mkisema kweli."

Mukai alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya. Alifikiri kwanza. "Sasa utaendeshaje treni ya watoto na husikii?"

"Nitaweka vioo viwili vya lori, nione nyuma yote. Na mtu wa bendera kwa behewa la mwisho. Mtoto akisimama tu, mimi nimesimamisha."

"Sawa. Na mahali pa filimbi nitanunua honi ya lori, tumalize."

Hapo Gakuru alisahau unyenyekevu wake. "Treni ya mvuke na honi ya lori? Hiyo ni kama jogoo anayebweka. Nitatengeneza filimbi mwenyewe."

"Utatengeneza aje kitu husikii?"

"Nitaazima masikio," Gakuru alisema.

Mukai akampa mpaka likizo ya Agosti.

Filimbi ya mvuke si kitu cha ajabu. Ni bomba lililozibwa juu, lenye mdomo chini, na mvuke unapita mdomoni kwa nguvu. Bomba likiwa fupi sauti ni nyembamba, likiwa refu sauti ni nzito. Treni kubwa za zamani zilikuwa na filimbi za mabomba matatu yanayolia pamoja, na Gakuru alizikumbuka vizuri. Alitaka hiyo. Lakini alihitaji shaba ya manjano iliyo nene, na Kitengela hakukuwa na kitu kama hicho.

Siku ya soko la mifugo Dahir alikuwa anakwenda Kajiado kununua mbuzi, akamchukua kwenye lori lake. Kajiado, Gakuru alipita kwa wauza vyuma chakavu wote waliokuwa kati ya soko na stesheni. Aliona vipuri vya trekta, vitanda vya hospitali, madumu. Saa sita hivi alikuwa amekata tamaa, amekaa kwenye ukuta mdogo karibu na reli, wakati treni ya mizigo ya Magadi ilipokaribia. Dereva alipiga honi. Gakuru aliinua kichwa. Aliisikia. Haikuwa kwa masikio tu, ilimwingia kifuani pia. Akajua sasa ni uzito gani wa sauti bado ni wake.

Akarudi kwa muuzaji wa mwisho na safari hii akaomba kupekua mwenyewe. Chini kabisa ya rundo alikuta silinda ya pampu ya kisima, ya shaba ya manjano, kutoka kwa moja ya zile pampu za zamani za upepo. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka miwili. Alisafiri nayo mapajani mpaka Kitengela, nyuma yake mbuzi ishirini na sita wakilalamika.

Kazi ilifanyika siku za Jumatatu, bustani ikiwa imefungwa. Fundi mmoja wa kuchomelea alimpasulia na kumviringishia mabomba matatu kutoka kwenye ile silinda, na Gakuru akayamaliza kwa tupa na msumeno. Alikataa kujaribu kwa upepo wa mashine ya kujazia magurudumu. Mvuke hupandisha sauti, alisema, kwa hivyo lazima moto uwashwe. Nyawira na Hodo walikuwa masikio yake. Nyawira alisimama karibu, kwa sababu alijua sauti za kwaya. Hodo alisimama mbali langoni, kwa sababu sauti nzuri ya karibu inaweza kuwa mbaya ya mbali.

Jaribio la kwanza Gakuru alivuta kamba na kutazama nyuso zao. Hodo alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

"Imekuwaje?"

"Kama punda watatu wanagombania maji," Nyawira alisema. "Punda wa kwanza ako sawa. Wa pili ako chini. Wa tatu hata sijui anaenda wapi."

Basi wakaanza moja moja. Gakuru alifunga matambara kwenye mabomba mawili na kuacha moja lilie. Nyawira aliimba sauti aliyoitaka, kisha filimbi ikalia, kisha akaonyesha kwa kidole, juu au chini. Gakuru alikata kidogo, nusu ya upana wa ukucha, akaziba tena, wakajaribu tena. Ukikata huwezi kurudisha. Jumatatu ya tatu Gakuru, kwa haraka ya mtu anayeona amekaribia, alikata bomba la tatu bila kungoja kidole cha mkewe.

"Nilikuambia ungoje," Nyawira alisema.

"Limepita?"

"Limepita mpaka Kimuka."

Ikabidi atumie wiki nyingine na mabaki ya silinda kutengeneza bomba jipya. Safari hii Nyawira hakusimama chini. Alipanda akasimama nyuma yake kwenye nafasi ya dereva, mkono wake begani mwa mume wake, na badala ya kuonyesha kwa kidole alibonyeza. Na kwa kuwa bomba la tatu ndilo lililokuwa refu kuliko yote, alilazimika kushuka chini kabisa ya sauti yake, huko ambako wanaume wa kwaya husimama. Aliimba noti moja ndefu. Gakuru alisimamisha tupa.

"Rudia," alisema.

"Imekosea?"

"Hapana. Rudia tu."

Nyawira alirudia. Gakuru alikuwa anaisikia. Haikuwa ile sauti ya msichana aliyemwoa, ilikuwa nzito na ya mikwaruzo kidogo, lakini ilikuwa yake. Alimwomba aimbe wimbo mzima huko huko chini, na Nyawira akaimba beti mbili, akiona haya kwa sababu Hodo alikuwa anatazama kutoka langoni. Hodo baadaye alisema siku hiyo hawakumaliza kazi yoyote ya maana.

Mwisho wa Julai filimbi ilikuwa tayari. Gakuru alikwenda kwa Katoo kumwalika, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye boma lile. Alimweleza habari ya masikio yake bila kujificha, akaomba radhi kwa siku ile aliyocheka. Katoo alikuwa amebeba jambo hilo moyoni miezi mitatu. Aliliweka chini hapo hapo, akamletea maziwa.

"Sasa unataka nilete ng'ombe?"

"Ukikubali."

Jumatatu iliyofuata Katoo alikuja na ng'ombe watano. Mukai, aliyekuja kujionea, alimuuliza wengine wako wapi.

"Nimeacha nyumbani," Katoo alisema. "Hizi zikikimbia, tano naweza kufuata."

Ng'ombe waliwekwa kando ya seng'enge, wakaanza kula. Gakuru alipandisha mvuke mpaka mshale wa geji ya mvuke ukafika alipoutaka. Akavuta kamba taratibu.

Ilianza kwa pumzi, kisha mabomba matatu yakashika kwa pamoja, sauti pana, ya chini, yenye joto, ikatoka na kuenea juu ya nyasi zile kavu mpaka barabarani. Nyawira alifumba macho. Ng'ombe waliinua vichwa, masikio mbele, wakasimama. Katoo alishika fimbo vizuri. Kisha ng'ombe wa kwanza akarudi kula, na wa pili, na fahali mdogo aliyekuwa mwisho akanyoosha shingo na kuitikia.

Gakuru hakuwaona ng'ombe. Alikuwa amesimama ameshika kamba, machozi yanamtiririka kwenye masizi ya mashavu. Akavuta tena, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mtu yeyote.

"Hii sasa iko na heshima," Katoo alisema.

Mukai alifuta macho kwa leso, akalaumu moshi.

Filimbi ilileta shida moja tu, na hiyo ilikuwa katika wiki ya kwanza ya Agosti. Asubuhi ya Jumamosi mama mmoja mzee alifika langoni kwa Hodo na kikapu, mwavuli na kuku wawili waliofungwa miguu. Alikuwa amehamia kwa mwanawe hapo mjini hivi karibuni, na alikuwa amesikia treni ikiita. Alitaka tiketi ya Mtito Andei.

Hodo alimweleza. Yule mama hakuamini. Alisema anaijua sauti ya treni tangu akiwa msichana, na hiyo si sauti ya mchezo. Hodo akamwita Mukai, Mukai akamwita Gakuru, na Gakuru aliposikia sababu ya mama huyo kuja na mizigo, alivua kofia yake. Akamkalisha behewa la mbele pamoja na kuku wake. Treni ikazunguka, ikapita kidimbwi, ikapita seng'enge ya Katoo, ikarudi.

"Imenirudisha," mama alisema.

"Ndiyo, shosho. Hii inarudi tu."

Alifikiri kidogo. "Basi zungusha tena."

Alizungushwa mara tatu bila malipo, na baada ya hapo alikuja kila mwezi, bila kuku.

Gakuru aliendesha treni ile miaka saba. Alipiga filimbi saa tano asubuhi na saa kumi jioni, na watu wa upande ule wa Kitengela wakaanza kupanga mambo yao kwa hiyo. Nyawira alimshawishi aende hospitali, akapewa kifaa cha sikio. Alikivaa kanisani na kukitoa alipofika nyumbani, kwa maelezo kwamba kinamletea kelele za viti na hakileti kitu kingine.

Mji ulikua. Mashamba yakawa ploti, ploti zikawa nyumba za ghorofa, na mwaka wa 2006 Mukai, miguu ikimsumbua, aliuza bustani. Treni ilinunuliwa na mtu mwenye hoteli Naivasha. Mukai alimwambia Gakuru afungue filimbi na kuichukua, kwa kuwa aliitengeneza kwa mikono yake. Gakuru alikataa. Alisema treni bila filimbi ni sufuria tu. Aliipakia mwenyewe kwenye lori, akaifunika kwa gunia ili isikwaruzwe, akampa dereva karatasi ya maelezo ya namna ya kuitunza, ukurasa mbele na nyuma. Siku mbili alishinda amekaa kwenye kigoda uani.

Siku ya tatu Katoo alikuja na kumwambia waende pamoja bomani. Alimwonyesha mitamba sita.

"Chagua moja. Mtu mzima hawezi kukaa bure, atakuwa mgonjwa."

"Katoo, mimi sijui ng'ombe. Najua chuma."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza treni."

Gakuru alichagua mtamba mweupe mwenye madoa, kwa sababu alionekana mtulivu. Katoo alitabasamu. Mtamba yule alizaa mwaka uliofuata, na ikajulikana kwamba hakuwa mtulivu hata kidogo, alikuwa akingoja tu. Alimpiga Gakuru teke la kwanza siku ya kwanza ya kukamua, akamwaga maziwa, akala nusu ya maharagwe ya Nyawira kabla hajarudishwa zizini. Asubuhi zile za mwanzo ungewakuta wote watatu hapo, Nyawira akikamua, Gakuru ameshika kamba na kuchechemea, na Katoo ameegemea mlango wa zizi akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, akingoja chai.